Chuma cha Arobaini

Kilichomwamsha Mahpara hakikuwa kilio cha mtoto, maana mtoto alikuwa amelala fofofo ubavuni pake. Ilikuwa sauti ya skii, zile mbao nyembamba za kutelezea kwenye theluji. Ziliteleza juu ya paa, kutoka upande wa mlima kuja upande wa barabara, ile shhhh ndefu ambayo mke wa kiongozi wa wapanda mlima huijua kama kikohozi cha mumewe, na ambayo haitoki popote ila kwenye theluji. Na ulikuwa mwezi wa Tir, kiangazi kimekolea, juu ya lile paa bapa hapakuwa na theluji bali aprikoti zilizoanikwa, na theluji ya karibu kabisa ilikuwa kule juu kwenye makwapa ya mlima Damavandi, mwendo wa kutwa kwa nyumbu.

Akanyoosha mkono nyuma ya mto akitafuta chuma. Mkono ukapapasa ukuta mtupu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba chuma hakipo.

Pale kijijini Rineh mwanamke akijifungua, kichwani pake huwekwa chuma chenye makali, na hakitoki mpaka arobaini itimie. Wengine huweka mkasi, wengine kisu, wengi huweka mshikaki wa kuchomea nyama na kuuvisha vitunguu. Ni kwa ajili ya wale walio bora kuliko sisi, hivyo ndivyo wanavyoitwa, kwani kuwataja kwa jina lao halisi ni kuwafungulia mlango, na hao hakuna wanachokitamani kama joto la mzazi mbichi. Arsalan, mumewe, alikuwa amekataa mshikaki. Alisema mshikaki ni wa kebabu, mwanawe atalindwa na chuma kilichofika kileleni, akaleta shoka lake la barafu, lile dogo lenye mdomo kama wa ndege ambalo wapanda mlima hulikita kwenye theluji wasiporomoke, akalitundika juu ya mto kwa mikono yake mwenyewe. Mama yake, Bibi Khavar, aliguna lakini akanyamaza. Chuma ni chuma.

Kisha akaja mhandisi mmoja kutoka Tehran, amevaa rangi zote kama kasuku, ana hamu ya kuteleza kwenye theluji ya mwisho ya msimu, na skii mpya ambazo gundi ya dukani haijakauka. Shoka amelisahau nyumbani kwake.

"Nalichukua hili siku mbili tu," Arsalan alimwambia mkewe, tayari mkono uko ukutani.

"Mama yako akijua?"

"Mama yuko Amol matangani, anawasaidia watu kulia. Kabla machozi hayajamkauka litakuwa limesharudi."

Mahpara alicheka, naye Arsalan akacheka, akambusu mtoto Yegane kwenye nyayo, akaondoka na shoka begani. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi.

Asubuhi baada ya ile sauti alipanda ngazi kwenda kwenye paa kutazama aprikoti. Zilikuwa zimetandazwa sawasawa kama alivyoziacha, ila katikati zilipita njia mbili nyembamba, zimenyooka, na kila aprikoti iliyokuwa ndani ya njia hizo ilikuwa nyeusi, imenywea, kama zinavyonywea zikipigwa na jalidi. Aliinama akaigusa moja. Haikuwa baridi. Aliigusa tena, akaibana kidoleni, na ndipo akatambua kwamba hakuhisi ubaridi, wala joto la jua, wala ile aprikoti yenyewe. Vidole vyake vilikuwa kama vya mtu mwingine aliyemwazima.

Arsalan alirudi jioni hiyo, amebabuka pua, mchangamfu, bila shoka. Akasimulia akiwa bado hajavua viatu. Walipokuwa wanashuka kutoka kileleni, pale juu ya miamba myeusi ambapo theluji inasimama wima kama ukuta, mhandisi alianguka akapoteza skii moja, akabaki amejikunyata hataki kwenda mbele wala nyuma. Basi Arsalan akalizika shoka kwenye theluji, akalifunga kamba, akamteremsha kama gunia la viazi mpaka mahali pa salama. Yeye mwenyewe akateleza akamfuata. Kurudi juu kulifuata shoka kusingewezekana, moshi wa kibiriti, ile salfa inayofuka mlimani, ulikuwa umewashukia na mhandisi anatapika.

"Ila kitu kimoja," alisema, na hapo uchangamfu ukapungua kidogo. "Mhandisi alikuwa ameshajifungua kamba. Ameketi chini, anakunywa maji. Nikatazama juu, kamba bado imekazwa. Inavutwa. Kama kuna mtu huku chini ananing'inia, na hakuna mtu."

Akajicheka, akasema ni hewa nyembamba ya juu, inawatia watu wazimu. Mahpara alimsikiliza na alijua kwamba alipaswa kuogopa. Hofu aliijua ilipo, kama mtu anavyojua kwamba kuna chumba cha pili nyumbani kwake, lakini mlango wa chumba hicho haukufunguka.

Siku zilizofuata ganzi ikapanda. Kutoka vidoleni ikaja viganjani, ikaja viwikoni. Chumba kikaanza kunuka kibiriti, si ile harufu ya chemchemi za moto za bonde la Larijan ambayo kila mtu wa huko amezaliwa nayo puani, bali harufu ya kibiriti iliyochanganyika na theluji kuukuu, harufu ya juu, ya mahali ambapo hakuna kinachoota. Yegane akaanza kukataa ziwa. Aliweka mdomo, akanyonya mara moja, akageuza uso na kulia kilio cha kukwaruza. Na Mahpara akamtazama mwanawe akilia, mwanawe aliyemwomba Mungu kwa miaka mitatu, akamtazama kama mtu anayemsikia mtoto wa jirani kupitia ukuta, akajiambia mchukue, mbembeleze, wewe ndiye mama yake, na mikono ikamchukua kwa sababu iliamriwa, si kwa sababu ilitaka.

Bibi Khavar alirudi kutoka Amol mchana mmoja. Alimkuta bi harusi wake, hivyo ndivyo alivyomwita mkaza mwanawe tangu siku ya ndoa, amechuchumaa mbele ya beseni, mtoto uchi mkononi, anamimina maji ya samawari, lile birika kubwa la shaba la kuchemshia chai. Mvuke ulikuwa unapanda mpaka kwenye dirisha. Mahpara alikuwa ameshatumbukiza mkono kupima, ameona maji ni mazuri, na nyayo za mtoto zimebakiza unene wa kidole kufika majini, pale mama mkwe alipomrukia kama paka na kumpokonya.

"Unataka kumpika mtoto?"

Mahpara akautazama mkono wake. Ulikuwa mwekundu kama nyanya iliyomenywa, malengelenge yanaota mbele ya macho yake. Hakuhisi chochote. Bibi Khavar naye akautazama, kisha akakamua tone la maziwa ya bi harusi wake kwenye kiganja chake na kulionja. Uso wake ukakunjamana.

"Baridi," alisema polepole. "Kama maji ya theluji." Akainua macho kwenye ukuta juu ya mto. "Chuma kiko wapi?"

Arsalan alisimama mlangoni, mtu mzima mwenye ndevu, ameinamisha kichwa kama mtoto wa shule. Baba yake, mzee Nosrat, alikuwa kwenye kochi lake barazani, kochi alilolala miaka yote kwa sababu ya mgongo wake mbovu, anakunywa chai. Mzee Nosrat alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Hakuwahi kupaza sauti. Kijijini walimtania kwamba koo lake limepigwa bati, maana chai aliinywa moja kwa moja kutoka samawari, bila kupuliza, bila kuimimina kwenye kisahani, na kondoo wa Idi alimwachia jirani kumchinja kwa kuwa hakuweza, eti, kuona damu. Tangu Yegane azaliwe hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba cha mzazi. Alimtazama mjukuu kutoka mlangoni, akatabasamu, akarudi kwenye kochi. Watu walisema ni haya ya wazee wa zamani.

Bibi Khavar alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Kisha akaketi sakafuni, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya.

Kwa sauti ya chini akasema kwamba chuma kilichoianza arobaini ndicho lazima kiimalize, kingine hakifai. Aliyekitoa ndiye akirudishe, na aende peke yake. Akalitazama ziwa la Mahpara, akamtazama mtoto aliyekuwa ameanza kulegea shingo, akasema arobaini ikifika kabla ya chuma, ganzi itafika moyoni, kwa mama kwanza, kwa mtoto baadaye, na usiku huo huo.

"Nakwenda kesho alfajiri," Arsalan alisema. "Theluji ya pale bado iko. Kupanda kwa skii, kulala kwenye kibanda cha juu, asubuhi nalichomoa, mchana niko hapa. Mbona jambo dogo, mama?"

"Jambo dogo," mama yake akarudia.

Usiku ule alimpikia pilau ya maharage mabichi na bizari, chakula alichokipenda tangu utotoni, akakaa kumtazama akila mpaka punje ya mwisho. Alfajiri alimpitisha chini ya Kurani kama kila safari, akambusu paji la uso, tena, na tena, hata Arsalan akamuuliza kama anamwoza upya. Halafu kwa desturi hubaki jambo moja. Anayeondoka akishaipa nyumba mgongo, humwagiwa maji nyuma yake njiani, bakuli zima, ili arudi kama maji yarudivyo. Bibi Khavar alisimama kizingitini na bakuli mkononi mpaka mwanawe akapotea kwenye kona, skii zimechungulia juu ya begi lake kama masikio ya punda. Kisha akarudi ndani. Mahpara aliliona bakuli likiwekwa mezani. Lilikuwa limejaa. Aliona, akajua kwamba ameona, na jambo hilo likazama ndani yake bila kugusa chini.

Siku ya pili, jua likiwa limeshika mlima wote, Mahpara alipanda kwenye paa na darubini ya mumewe, mtoto amemfunga mgongoni kwa shali. Aliitafuta ile theluji ndefu inayoteremka kusini kama ulimi, akaifuata kwa macho mpaka kwenye miamba myeusi, na akampata. Nukta. Nukta iliyokuwa inapanda kwa zigizaga, pole, kwa mwendo wa mtu aliyebandika vipande vya ngozi chini ya skii zake zisirudi nyuma, na nyuma yake mstari mmoja mwembamba, mmoja tu, unaomeremeta. Ikafika chini ya ule ukuta. Ikasimama. Ikainama. Ikakaa imeinama muda mrefu sana, mpaka darubini ikaanza kushuka katika mikono isiyo na hisia, na mtoto mgongoni alikuwa hata halii tena, na Bibi Khavar alikuwa amepanda ngazi bila kusikika na kusimama kando yake.

Kisha nukta ikainuka na kuanza kushuka, na ilishuka vizuri, kama Arsalan anavyoshuka, kwa mizunguko mipana isiyo na haraka, mzunguko wa kushoto, mzunguko wa kulia, na Mahpara akaanza kumshukuru Mungu kwa midomo mikavu, mpaka alipoona kwamba mizunguko ile ilikuwa inaandikwa mara mbili, kwamba karibu na mstari mmoja ulikuwepo wa pili, unaukata na kuukwepa na kuukata tena, kama nywele za msichana zinavyosukwa, na kwamba nukta zilikuwa mbili, mbili kweupe kabisa mchana wa jua kali, moja mbele, nyingine nyuma yake karibu mno, na ile ya nyuma haikuwa na kivuli juu ya theluji, na zote mbili zikaingia nyuma ya kile kigongo cha mawe meusi ambayo mlima uliyatapika zamani, na yeye akangoja, hakupumua, akangoja, na upande wa pili wa kigongo ikatoka moja.

Alimsukumia mama mkwe darubini. "Tazama. Mama, hebu tazama."

Bibi Khavar hakuipokea.

"Mimi nimeshaona," alisema.

Arsalan aliingia nyumbani kabla ya adhuhuri kutimia, mapema kuliko mtu yeyote anavyoweza kutembea kutoka kule. Alisimama kizingitini mwa chumba. Shoka lilikuwa limeviringishwa ndani ya ile ngozi ya skii, tabaka juu ya tabaka, nalo likining'inia kwa ugwe mwishoni mwa fimbo yake ya kutelezea, mbali na mwili wake, kama mtu anavyobeba nyoka aliyekufa. Akalishusha taratibu sakafuni.

"Litoe wewe, Mahpara," alisema. "Mimi mikono yangu imechoka."

Alilitoa. Akalitundika juu ya mto. Mara tu chuma kilipogusa ukuta maumivu yakaja, yale ambayo wapanda mlima huyaeleza wakirudi na vidole vilivyoganda, kwamba kuganda si kitu, kuyeyuka ndiko kunakoua. Yalianzia kwenye mkono ulioungua, yakapanda begani, yakaingia kifuani, akaanguka magotini akipiga mayowe, na maziwa yakamtoka yenyewe yakalowesha nguo, ya moto, ya moto kabisa. Akamshika Yegane akampa ziwa, na mtoto akalidaka kama kamba ya kuokolea. Mahpara akalia. Alilia kwa sababu alimpenda, na mapenzi yalimuuma kuliko mkono.

Akainua uso kumtafuta mumewe aje, amshike, wafurahi wote. Arsalan alikuwa bado pale mlangoni. Anatabasamu. Harufu ya kibiriti ilikuwa inamtoka kwenye nywele.

"Nitalala sebuleni," alisema kwa upole. "Mgongo unaniuma." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya mkate, "Hiyo arobaini ikitimia, hicho chuma kinatoka, sivyo?"

Asubuhi Mahpara alitoka na mtoto kuja kwenye kifungua kinywa. Samawari ilikuwa inachemka, mkate na jibini viko kwenye kitambaa sakafuni. Arsalan aliketi upande huu, baba yake upande ule. Arsalan akaweka kiganja chake chote juu ya samawari, akakiacha pale wakati chai inajaa, na hakukiondoa. Ngozi ilitoa sauti ndogo, kama ya kitunguu kinapoingia kwenye mafuta. Akainua glasi, chai bado inafuka mvuke, akainywa yote. Upande wa pili mzee Nosrat naye aliinua glasi yake akainywa yote. Wakaziweka chini. Wakaziweka chini kwa pamoja, kwa mlio mmoja, na wote wawili wakainua nyuso na kumtabasamia mtoto, tabasamu lile lile.

Mahpara akamtazama mmoja. Akamtazama mwingine. Akasimama, akaenda jikoni.

Bibi Khavar alikuwa anakata nyama. Katika nyumba hiyo kukata nyama ilikuwa kazi yake, siku zote, kisu hakikuwahi kushikwa na mtu mwingine.

"Mama," Mahpara alinong'ona. "Yule si Arsalan."

Kisu kikaendelea. "Najua."

"Na baba..."

"Arsalan alikuwa mchanga kama huyu wako," Bibi Khavar alisema bila kugeuka. "Mshikaki ulikuwa kichwani pangu. Nosrat na wenzake wakataka kwenda kuchoma nyama kule juu kwenye theluji ya kiangazi, mishikaki ikapungua mmoja. Mmoja tu, mwanangu. Ulipobaki huko akaufuata. Aliyerudi nao ni huyo hapo."

Mahpara akasogea karibu. "Ulijua. Ulimtuma mwanao na ulijua."

Kisu kikasimama.

"Kulikuwa na wawili wa kuokoa na mmoja wa kutoa," alisema yule mama. "Yeye nilishampa maisha mara moja, nikamtoa mlangoni mwao kwa gharama ya baba yake, akiwa hajui hata kukaa. Maji sikumwaga. Maji humwita mtu arudi, na mimi ningemwitaje wakati najua ni nani atakayeitikia?" Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono wenye kisu. "Utazoea. Hawagombi. Hawapigi. Majirani walinionea wivu kwa mume mpole. Ila hicho chuma, arobaini ikifika, ukakioshe mbele ya watu kama desturi, halafu ukiweke chini ya mto wako, wala usikitoe mpaka ufe. Wangu ninao hadi leo."

Kutoka sebuleni kulikuwa kimya, kimya cha watu wawili wanaosikiliza. Yegane alicheua maziwa begani kwa mama yake, nayo yalikuwa vuguvugu. Mahpara alisubiri ganzi irudi, safari hii aliisubiri kama rafiki, na ikaja, si ile ya mlimani, hii ilikuwa yake mwenyewe.

"Tunajua mimi na wewe," Bibi Khavar alisema, akamshika kidevu kwa vidole vyenye damu ya nyama. "Wakijua kwamba umesema, watataka fidia nyingine, na humu ndani fidia iliyobaki ni huyo uliyembeba. Niahidi."

"Sitamwambia mtu mwingine," alisema Mahpara.